Miaka 30 kwa Huduma Yenu: Uhakiki wa Mapambo ya Sherehe Moja

Katika kurasa hizi tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na diwani za mashairi. Msomaji ana haki ya kuuliza ni kwa sababu gani safari hii tumeamua kuhakiki mabango, mapazia na vitenge vya sherehe ya kampuni ya biashara. Jibu letu ni fupi. Katika nchi zetu hizi, ambamo Kiswahili si lugha ya mama ya walio wengi, vitabu vya Kiswahili husomwa na wachache, aghalabu wanafunzi wetu wenyewe, nao huvisoma kwa kuwa wana mtihani. Bango lililotundikwa barabarani husomwa na kila apitaye, wala hakuna aliyemlazimisha. Kwa hiyo mtu aandikaye maneno manne juu ya turubai huenda akapata kwa siku moja wasomaji wengi kuliko mtunzi ye yote tunayemfundisha darasani, na hapana anayemhakiki.

Sherehe tunayoizungumzia ilifanyika Bujumbura mwaka 2025. Mwenye sherehe ni kampuni ya kusafirisha mizigo, ambayo hatutaitaja jina kwa kuwa makosa tutakayoyaonyesha si yake peke yake. Mwenye macho atayaona Kampala, Kigali, Bukavu na Lubumbashi pia. Kampuni hiyo ilianza na malori mawili mwaka 1995. Leo malori yake ni mengi, nayo hubeba shehena kutoka bandari ya Dar es Salaam, kupitia mpaka wa Kobero, hadi Bujumbura. Wafanyakazi wake huzungumza Kirundi majumbani mwao, na barua za ofisi huandikwa kwa Kifaransa. Lakini kazi yenyewe, yaani kupakia, kufunga maturubai, kujieleza mbele ya watu wa forodha, kumwamsha fundi wa magurudumu usiku huko Singida au Kahama, yote hiyo hufanyika kwa Kiswahili. Kampuni ikisema kwamba imefika miaka thelathini, imefika kwa lugha hiyo.

Mapambo yenyewe yalikuwa haya: langoni bango la turubai la plastiki, upana wake mita tano, uani mahema mawili na jukwaa lenye pazia kubwa nyuma yake, kando ya hema la wageni pazia jingine la kupigia picha, ubao wa historia ya kampuni, sare za vitenge kwa wafanyakazi wa ofisi, na maputo mengi. Rangi zilikuwa kijani na nyeupe, ambazo ndizo rangi za kampuni, pamoja na dhahabu, ambayo si rangi ya kampuni bali ni rangi ya kila sherehe siku hizi. Kirundi kiliwekwa katika kadi za mwaliko, na tumeambiwa na wanaokijua kuliko sisi kwamba kilikuwa kizuri.

Tuanze langoni. Bango lilikuwa na mistari mitatu: Kifaransa juu kwa herufi kubwa, Kiingereza katikati, Kiswahili chini kwa herufi ndogo kupita zote. Kifaransa kilisema "30 ans à votre service". Kiswahili kilisema "Miaka 30 kwa huduma yenu". Aliyetafsiri alifuata neno kwa neno, na kila neno alilolitumia ni la Kiswahili, lakini sentensi imempindukia mikononi. Katika Kiswahili "huduma yenu" ni huduma mnayoitoa ninyi, kama vile "kazi yenu" ilivyo kazi mnayoifanya na "msaada wenu" ulivyo msaada mnaoutoa. Mteja asomaye bango hilo anaambiwa kwamba kwa muda wa miaka thelathini yeye ndiye aliyekuwa akiihudumia kampuni. Huenda wapo wateja walioona kwamba bango limesema kweli pasipo kukusudia, lakini hilo ni jambo jingine.

Lililotakiwa ni "Miaka 30 tukiwahudumia". Hapa kiambishi -ki- kinabeba mzigo wote. Kinaonyesha tendo lililoendelea tangu mwaka wa kwanza hata leo, wala hakisemi kwamba limekwisha. Kiambishi tu- kinamtaja mwenye kuhudumia, -wa- kinamtaja mwenye kuhudumiwa, na wote wawili wamekaa ndani ya neno moja. Mwenye kuhofia kwamba -wa- yaweza kuwaelekea "wao" badala ya "ninyi" ataandika "tukiwahudumieni", na hapo hapana shaka tena.

Tumeambiwa na fundi wa kuchapa kwamba Kiswahili ni kirefu mno, hakiingii katika mabango, na ndiyo sababu hupewa herufi ndogo. Hebu tuhesabu. Mstari wa Kifaransa una nafasi 22, ukihesabu herufi, tarakimu na mapengo baina ya maneno. "Miaka 30 tukiwahudumia" una nafasi 22 vile vile. Ukiongeza -ni ya mwisho unapata 24, na mstari ule mbovu uliotundikwa una 24 pia. Basi udogo wa herufi haukuletwa na urefu wa lugha. Uliletwa na zamu: Kifaransa kilikaa kwanza, Kiingereza kikafuata, na Kiswahili kikapewa kilichobaki.

Kilichobaki hakikutosha kwa kazi ya bango. Mafundi wa mabango wana kipimo chao cha zamani: kila sentimita 2.5 za kimo cha herufi husomeka vizuri kwa umbali wa mita 3 hivi. Mtu aliye upande wa pili wa barabara ile, kwenye kituo cha mabasi, yuko kama mita 30 kutoka langoni. Ili asome bila kukunja uso, herufi zapasa kuwa na kimo cha sentimita 25. Herufi za Kifaransa zilikikaribia kipimo hicho. Herufi za Kiswahili zilikuwa za sentimita 8, yaani za kusomwa kwa umbali usiofika mita 10. Mtu aliyekwisha kufika mita 10 kutoka lango lile ni mgeni mwenye kadi mkononi, naye amekwisha kujua aendako. Utingo, mchukuzi na mama muuza ndizi wa ng'ambo ya barabara, ambao Kiswahili kilikusudiwa kuwafikia, walibaki na Kifaransa.

Tena kuna upepo. Kila aliyekaa Bujumbura anajua kwamba mchana ukisogea upepo hutoka ziwani. Bango lilifungwa kwa kamba nne tu, moja kila pembe, baina ya nguzo ya lango na mwembe. Ilipofika saa tisa likafura kama tanga la jahazi, ukingo wa chini ukajikunja, na mstari wa tatu ukaingia katika kunjo. Turubai la aina hiyo lilihitaji pete za chuma kila nusu mita juu na chini, na kamba yenye kunyumbuka kidogo. Wako pia wanaolikata matundu ya nusu mwezi ili upepo upite, ingawa matundu hayo hulidhoofisha. Hatutaki kujifanya mafundi wa kamba. Tunataka kusema tu kwamba mstari wa chini ndio wa kwanza kupotea bango likifungwa vibaya, na kwamba mstari wa chini, katika mabango yote tuliyopata kuyaona mwaka huo, ni wetu.

Pazia la jukwaani lilikuwa limefungwa vizuri zaidi, na kwa hiyo makosa yake yalionekana vizuri zaidi. Liliandikwa "Kusherehekea Miaka 30 ya Ubora". Muundo huu sasa umeenea kama magugu. Umetoka katika Kiingereza, ambacho kina umbo la kitenzi linaloweza kusimama peke yake juu ya bango na kueleweka. Kitenzi-jina cha Kiswahili hakisimami hivyo. Msomaji akiona "Kusherehekea miaka 30 ya ubora" hungoja: kusherehekea huko kumefanya nini? Ni kuzuri? Kumeahirishwa? Sentensi imefunguliwa mlango na hakuna aliyetoka ndani. Mswahili husema "Tunasherehekea", au hukitupa kitenzi kabisa, kwa kuwa mtu aliyekaa chini ya maputo mia mbili na sahani ya pilau magotini hahitaji kuarifiwa kwamba panasherehekewa.

Neno "ubora" nalo lina shida yake. Ubora ni wa kitu: ubora wa mchele, ubora wa matairi, ubora wa barabara. Miaka haiwi na ubora. Huwa na neema au dhiki, mvua au jua. Mtu akituuliza maneno hayo yaliwahi kutamkwa na nani, baina ya Kobero na Dar es Salaam, hatutakuwa na jibu. Ni maneno yaliyotolewa katika mashine ya kutafsiri ya intaneti au katika kichwa kilichozoea kufanya kazi kama mashine hiyo. Na kana kwamba hayo hayatoshi, pazia lilikuwa jembamba kuliko ilivyodhaniwa, fundi akalikata neno: "Kushereh-" juu, "ekea" chini. Mwanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza anajua kwamba silabi ya Kiswahili aghalabu huishia kwa irabu, na kwamba pa kukata ni "kushere-hekea" au "kusherehe-kea". Fundi hakufundishwa na mtu, hatumlaumu sana.

Kwenye mlango wa hema paliandikwa "Karibuni wote". Hapa tunaomba tutofautiane kidogo na wenzetu walio wakali. Kwa Kiswahili sanifu ni "Karibuni nyote", kwa kuwa wanaokaribishwa ni nafsi ya pili. Lakini "karibuni wote" ndivyo wasemavyo watu wengi katika Buyenzi na Bwiza, mitaa ambayo imekitunza Kiswahili cha mji huu kwa vizazi kadhaa pasipo msaada wa shule. Mtu akituambia hivyo mlangoni mwake, tunaingia na tunakula. Kama sisi ndio tungeandika ubao ule, tungeandika "nyote", maana ubao wa kampuni si baraza la nyumbani. Hata hivyo twaona kwamba kosa la "wote" ni kosa lenye mwenyewe, mtu hai mwenye mtaa na shangazi; ile "miaka ya ubora" haina mwenyewe. Ikibidi kuchagua, tutavumilia la kwanza miaka thelathini mingine kabla ya kulivumilia la pili siku moja.

Msimamizi wa sherehe aliiita siku hiyo "yubilei ya lulu". Neno yubilei lina asili ya Kiebrania, nalo lilihusu pembe ya kondoo dume iliyopigwa kutangaza mwaka wa hamsini, mwaka ambao, kwa sheria iliyomo katika kitabu cha Mambo ya Walawi, ardhi ilirudi kwa wenyewe na watumwa waliachwa huru. Fedha kwa 25, lulu kwa 30, dhahabu kwa 50 na almasi kwa 60 ni desturi zilizozuka baadaye huko Ulaya. Neno limesafiri, na maneno yana ruhusa ya kusafiri. Lakini katika Afrika ya Mashariki tunao mfano wa yubilei ambayo mapambo yake hayakuwa maneno matupu. Tarehe 10 Agosti 1946, mjini Dar es Salaam, Aga Khan wa tatu alipimwa kwa almasi katika mizani kwa kutimiza miaka 60 ya uimamu, na fedha zilizochangwa zikaelekezwa katika shughuli za maendeleo ya jumuiya yake. Mtu ataona sherehe ile apendavyo. Sisi tunaitazama kama wahakiki wa mapambo tu, na tunaona kwamba pambo kuu, yaani mizani, ndilo lililokuwa tendo lenyewe. Aliyekaa mbali asisikie hotuba hata moja alijua ni miaka ya nini na imepimwa kwa nini. Katika sherehe yetu ya Bujumbura, lulu ilikuwa puto jeupe.

Sasa tufike kwenye vitenge, kwa maana hapo ndipo penye jambo kubwa. Kampuni ilichapisha kitenge cha kijani chenye nembo yake, gurudumu lenye mabawa, iliyorudiwa mistari kwa mistari. Pazia la kupigia picha nalo lilifuata mpango huo huo. Neno nembo lenyewe linastahili kukumbukwa. Kabla halijawa alama ya taifa au ya shirika, nembo ilikuwa alama iliyochanjwa mwilini ili mtu ajulikane ni wa watu gani. Ilichanjwa mara moja, mahali pamoja, ikakaa. Nembo iliyorudiwa mara mia nne juu ya pazia inaonyesha mtu mwenye hofu kwamba hajaonekana. Na kitenge kinapofika kwa mshonaji hukatwa bila kuuliza: gurudumu moja liligawanyika kwenye mshono wa bega, jingine likakaa mahali pa kukalia. Vitenge vya siasa vyenye picha za wakubwa vimetufundisha siku nyingi taabu ya jambo hilo, na hatuna haja ya kulieleza zaidi.

Mtu atasema: basi ungefanya nini, na nguo ni nguo? Jibu lipo, nalo lilipatikana pwani zamani. Kanga ina pindo pande zote, ina mji katikati, na chini ya mji ina jina, yaani maneno. Hapo kale maneno hayo yalichapwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kirumi. Kanga haikatwi ovyo. Huuzwa doti, vipande viwili, na mwenye kuichora anajua itavaliwaje. Anajua kwamba jina litakaa mgongoni, na kwamba msomaji wake atakuwa nyuma ya mvaaji, njiani au kisimani. Kwa hiyo maneno huja mwanzoni mwa kazi. Urefu wake hupimwa pamoja na pindo, na ukubwa wa herufi hufuata mahali atakaposimama asomaye.

Tutazame kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye biashara yake ilianza mwaka 1887, na ambaye nguo zake zimejulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Alama hiyo iko pembeni, kwa herufi ndogo, karibu na ukingo. Katikati, kwa herufi kubwa, yapo maneno ya mvaaji: maneno ya kumwambia jirani, mume, mke mwenza, mama, au Mungu. Mfanyabiashara amejiweka ukingoni akamwachia mnunuzi uwanja, na kwa kufanya hivyo jina lake limebebwa migongoni mwa watu kwa vizazi. Wanawake waliitafuta alama ile ndogo kabla ya kulipa. Hatujui mfano ulio bora wa kutangaza biashara katika lugha yetu, na haukutoka katika kitabu cha mtu.

Kampuni yetu ilifanya kinyume. Iliweka jina lake kila mahali, na mahali ambapo angeweza kusemeshwa mtu pakawekwa ubora.

Ubao wa historia ulisimama karibu na meza ya vinywaji, na tulikaa mbele yake muda mrefu kuliko wageni wengine. Ulichorwa kwa ustadi. Barabara nyeupe ilipanda kutoka chini kushoto hadi juu kulia, na kila kituo kilikuwa na mwaka na picha: 1995, malori mawili ya kwanza, 2003, ofisi mpya, 2012, gari la ishirini, 2025, ua wote ukiwa umepambwa. Sifuri ya tarakimu 30 iliyo kileleni ilikuwa tairi la lori, lenye matope kidogo kwenye meno yake. Tairi hilo tulilipenda. Ni kitu pekee katika mapambo yote yaliyochapwa ambacho kilionyesha kwamba kampuni hii husafiri.

Lakini baina ya 1995 na 2003 barabara ile nyeupe ilikuwa tupu. Miaka minane, hapana kituo hata kimoja. Kila mtu wa umri wetu aliyekuwa pale anajua kilichokuwamo katika miaka hiyo. Vita vilivyoanza Oktoba 1993 vilikuwa vikiendelea. Tarehe 31 Julai 1996 nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya uchumi, ambavyo havikusimamishwa hata Januari 1999. Malori mengi yalilala. Yaliyotembea yalipanda mlima wa Bugarama kwa misafara yenye ulinzi wa askari, na si yote yaliyofika. Kampuni iliyozaliwa mwaka 1995 ikawa hai mwaka 2003 ina jambo la kusimulia ambalo kampuni nyingi duniani hazinalo. Hatusemi kwamba siku ya pilau na maputo ilikuwa siku ya kufungua kila jeraha. Kunyamaza nako kuna adabu yake, na katika nchi hii twaijua. Lakini ukimya wa adabu huonyesha kwamba unajua unachokinyamazia. Kwa mfano, picha ya lori lililoegeshwa, na chini yake "1996–1999", bila neno jingine, ingetosha. Pengo lile halikunyamaza. Lilipita tu, kama kwamba hapakuwa na mtu barabarani.

Watu walikuwapo, na baadhi yao wangali wanafanya kazi katika kampuni. Walikuwa wapi siku ile? Tunaomba msomaji alisikilize hili kwa utulivu. Ili mahema yapate nafasi, malori yaliondolewa uani tangu asubuhi, yakaegeshwa nje kando ya barabara, mstari mrefu. Na kwa kuwa lori haliachwi barabarani bila mtu, madereva wengi na utingo wao walibaki nje kuyalinda. Pilau waliletewa, hatutaki kumsingizia mtu uchoyo. Lakini walikula wakiwa wamekaa juu ya bampa, nyuma ya bango lililofura, upande ule ambao hauna maandishi.

Sisi tulitoka kuwaamkia, na huko nje ndiko tulikoyaona mapambo ya kweli ya sherehe ile. Kila lori lina ubao wake wa nyuma, na kila ubao una maneno yaliyopakwa rangi kwa mkono, kwa hiari ya dereva. Moja liliandikwa "Bugarama haipandwi kwa maneno". Jingine: "Nimeaga, sijachelewa". La tatu, ambalo huenda ofisi haijalisoma kwa makini: "Mali ya tajiri, jasho langu". Zitazamwe sentensi hizi kwa jicho la mhakiki. Ya kwanza ina kitenzi cha kutendwa na inamtaja mlima kwa jina, nao ni mlima ambao kila dereva wa njia hiyo ameupanda kwa gia ya kwanza huku vijana wa baiskeli wamening'inia nyuma. Ya pili imeweka tendo lililokwisha karibu na tendo ambalo bado, pasipo kiunganishi, na ndani yake yumo mke aliyeagwa na mwenye mzigo anayengoja. Ya tatu ina vipande viwili vyenye uzito sawa na haina kitenzi kabisa. Herufi zina kimo cha kiganja na nusu, rangi ya njano juu ya nyeusi, kwa kuwa msomaji wake ni dereva wa gari la nyuma, na aliyeandika anajua gari la nyuma hukaa umbali gani. Hakuna aliyemfundisha hesabu ya sentimita 2.5.

Tungeyarudisha malori matatu tu uani, yamegeuza migongo kuelekea wageni, yakawa ndiyo pazia la jukwaa. Gharama yake ingekuwa mafuta ya kurudi nyuma mita hamsini. Pazia lililochapwa lisingehitajika, na wageni wasiosikia Kiswahili wangewauliza wanaokisikia maana ya maneno yale, jambo ambalo hatukuona mtu akilifanya mbele ya "ubora".

Lipo pambo jingine moja ambalo halikuchorwa na mtu wa ofisi. Usiku wa kuamkia sherehe, walinzi na wapakiaji walikata migomba mizima wakaisimika pande mbili za lango, majani yakakutana juu, kama ifanyikavyo katika arusi na mapokezi ya wageni katika nchi zetu za maziwa. Walipanga kumi kila upande. Asubuhi mtu wa mapambo alitaka iondolewe, kwa hoja kwamba inaficha sehemu ya bango. Mzee mmoja wa wapakiaji akamjibu kwamba bango nalo linaificha migomba. Ikaachwa, na ikawa ndiyo iliyopigwa picha kuliko nembo.

Yabaki maneno machache yanayotuhusu sisi walimu. Mwenzetu mmoja, mwalimu wa Kiswahili wa siku nyingi, alitumiwa nakala ya mabango saa mbili ya usiku, kesho yake ikiwa ndiyo siku yenyewe, akaombwa "aangalie kidogo hapo chini". Aliangalia, akarudisha masahihisho yote tuliyoyataja hapo juu kabla ya saa tatu. Jibu alilopata ni kwamba turubai limekwisha kuchapwa na kutobolewa. Aliombwa jina lake, si kazi yake. Walitaka kuweza kusema kwamba mwalimu ameona. Twaona walimu wetu wengi hukubali kazi ya namna hii kwa sababu ya upole, au kwa sababu hufurahi kwamba Kiswahili kimekumbukwa angalau mwishoni. Sisi tungependa wakatae saa mbili ya usiku, na wadai kuja mapema, kabla kitambaa hakijapimwa, wakiwa na swali moja: ni nani atakayesoma, na atakuwa amesimama wapi?

Kampuni imekwisha kumpelekea salamu mwenzetu huyo, ikimwomba awe tayari kwa mwaka wa 35. Amejibu kwamba yu tayari, kwa sharti la kupewa kwanza orodha ya maandishi yote yaliyomo katika mbao za nyuma za malori, pamoja na majina ya madereva waliokuwa kazini kabla ya 2003. Mpaka tunakwenda mitamboni, orodha ilikuwa haijafika.